Mbeleko ni ya Mtoto, si ya Mwanachuo

Nilialikwa katika chuo kikuu kimoja cha hapa nchini kuzungumza na wanafunzi juu ya ushairi. Darasa lilikuwa orofa ya tatu. Mlangoni pa lifti palibandikwa karatasi: "Imeharibika." Karatasi yenyewe imekwisha kugeuka rangi ya chai. Ngazini niliwakuta vijana wanne wamembeba msichana pamoja na kiti chake cha magurudumu, jasho likiwatiririka.

Baada ya kipindi nilimwambia, "Mwanangu, una wenzio wema."

Akanijibu, "Ni wema, ami. Lakini nikitaka kwenda msalani ni lazima niwatafute kwanza. Siku za masomo sinywi maji."

Msomaji mpenzi, maneno hayo nilishuka nayo ngazi zile, na hata leo sijayatua.

Chuoni nilikosomea Kurani tulikuwa na mwenzetu kipofu. Mwalimu alimkalisha ubavuni pake, akamsomea aya kwa sauti mpaka zikamkaa kifuani, na akahitimu kabla yetu sisi wenye macho. Hakuna aliyesema kapewa sadaka. Alipewa njia yake ya kusomea, basi. Iweje chuo kidogo chenye mkeka mmoja kiwe na nafasi, na chuo kikuu kikose?

Wako watakaosema pesa hazipo. Kukihamisha kipindi kutoka orofa ya tatu kukileta chini hakuhitaji saruji. Kwahitaji kalamu ya mpanga ratiba. Njia ya mteremko nayo si muujiza: kwa kila futi 1 ya kupanda, wajenzi huweka futi 12 za kwenda mbele. Ghali ni kuisahau ramani inapochorwa, kisha kuja kuvunja.

Tena si hisani. Sheria ya 2003 iliwapa wenye majengo ya umma miaka 5 kuyarekebisha. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikaandika wazi haki ya mwenye ulemavu ya kuingia vyuoni, na ya kutumia lugha ya ishara na maandishi ya vipofu. Mwaka 2025 ikatungwa sheria mpya. Sheria tunazo tele. Lifti ndiyo hatuna.

Wenzetu nao hawakuzaliwa na ujuzi huo. Mwaka 1962 Ed Roberts, aliyepoozeshwa na polio tangu shingoni, aliingia Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley. Bweni halikuifaa mashine yake ya kupumulia, akapewa chumba katika hospitali ya chuo. Yeye na wenziwe walidai njia, na mwaka 1970 wakaanzisha ofisi ya wanafunzi walemavu iliyoendeshwa na walemavu wenyewe. Idara ya jimbo iliyomwona hafai kwa kazi, baadaye yeye ndiye aliyekuwa mkuu wake.

Hujafa hujaumbika, twaambiana sana, kisha twasikitika. Mimi sitaki masikitiko. Namtaka mkuu wa chuo kile akae katika kiti cha magurudumu siku moja tu, atoke langoni hadi darasa lile la orofa ya tatu bila kubebwa. Akifika, nitamwomba radhi hapa hapa. Asipofika, kesho yake na awalete mafundi, binti yule naye apate kunywa maji.