Sailensa za Ruring'u zitapita ukaguzi?

Karibu na uwanja wa Ruring'u hapa Nyeri, Subaru husikika kabla ya kuonekana. Wazee hulaani, watoto hushangilia, na polisi wakiwa barabarani dereva hulegeza mguu ghafla kama mtu anayeenda kanisani. Wengi hudhani ekzosi ya aina hiyo lazima itoke Japani. Kuna zinazotoka huko, lakini zingine zimechomelewa hapa hapa mjini, kwa chuma cha magari yaliyokufa kabla mwenye gari hajazaliwa.

Hiyo kazi sasa imeingia kwenye siasa bila mafundi kuomba. Mwaka 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni za ukaguzi, na ndani yake kuna pendekezo kwamba gari la kibinafsi lililopita miaka minne tangu liundwe liwe linakaguliwa kila mwaka. Fanya hesabu. Kenya inaruhusu mitumba ya hadi miaka minane, na wengi wetu tunanunua ya miaka saba kwa sababu mfuko ndio unaamua. Kumaanisha gari likishuka meli Mombasa tayari limepita hiyo minne. Mkaguzi akiinama kuangalia chini ya gari, ataona kazi ya fundi wa jua kali.

Na ni kazi, si kuunganisha bomba tu. Peugeot 504 na pikapu za Datsun zilitawala barabara za milima hii, na hiyo 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Zikifa huacha chuma kizito. Sailensa yenyewe ya zamani mara nyingi imeliwa na kutu ndani, haifai. Kinachookolewa ni flanji, vishikilio, kona za bomba ambazo bado ni nzima. Ganda la sailensa mpya linaweza kuwa hata mtungi wa kuzimia moto uliokwisha kazi. Ndani unapita bomba lenye matundu, na kati ya bomba na ganda hujazwa nyuzi za kioo za kumeza sauti. Fundi mvivu hujaza stilwuli ya kusugua sufuria, inaungua, na baada ya miezi michache jirani wote wanajua umefika nyumbani.

Kona ndiyo mtihani. Bila mashine ya kukunja, fundi hukata bomba vipande vya mshazari na kuviunganisha kimoja kimoja. Weldi ikiacha tundu karibu na sakafu ya gari, kaboni monoksaidi inaingia ndani, na hiyo haina harufu. Usilale kwenye gari kama hilo injini ikiwa inanguruma.

By the way, ule mngurumo wa Subaru za zamani hautoki nyuma. Unatoka mbele, kwa sababu mabomba yanayotoka kwenye injini hayana urefu sawa, kwa hivyo moshi unafika kwa zamu zisizolingana. Ukiweka bomba kubwa kwenye Demio utapata Demio yenye mafua.

Sheria inasemaje? Kanuni za kelele za NEMA za 2009 zinakataza gari kutoa sauti kubwa isiyo ya kawaida na kupita desibeli 84 linapoongeza mwendo. Hazisemi sailensa lazima iwe ya kiwandani. Sauti inapimwa kwa kifaa, si kwa risiti. Kwa hivyo fundi anayejua kujaza ganda vizuri hana sababu ya kuogopa mkaguzi. Shida ni kama mkaguzi hatapima na badala yake ataangalia weldi, akunje uso, aseme "hii ni ya jua kali," na mazungumzo mengine yaanze. Wenye magari wote Kenya wanajua hayo mazungumzo.

Tumeshaona serikali ikifunga mlango mzima kwa sababu ya wachache. Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za stima kuharibiwa. Kulikuwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 tayari, yenye leseni na baraza lake, lakini ilikuwa rahisi kufungia kila mtu. Marufuku iliondolewa baada ya miezi michache. Anayeishi kwa kuchagua flanji kwenye rundo la chuma hakufidiwa hiyo miezi.

Lakini mafundi nao wana la kujibu, na hapa siwatetei. Gari la mtumba huja na katalitiki, kile kipande chenye matundu kama masega ya nyuki kinachosafisha moshi. Ndani yake kuna platini, paladi na rodi, madini ghali. Wanunuzi wako kila mahali mtandaoni. Mwenye gari anaambiwa imeziba, inakatwa, anawekewa bomba tupu, halafu kipande kinauzwa kwa pesa inayoweza kupita gharama ya kazi yote. Kelele inaudhi jirani mmoja Jumamosi. Moshi usiosafishwa unavutwa na kila mtoto anayesubiri matatu, na hakuna anayempigia polisi simu kuuhusu.

Ukaguzi ukiwa wa haki, utapima moshi kwanza, sauti baadaye, na karatasi mwisho. Vyeti ni mada inayonigusa kwa sababu niliacha koleji. Lakini NITA ina mitihani ya ufundi kwa watu waliojifunzia kazini, na Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, chenye wahandisi wake, kiko kilomita chache tu kutoka hapa. Kabla ya kuleta mkaguzi Ruring'u, wangeleta kipima sauti na kipima moshi, mafundi wajue kazi yao imesimama wapi.

Wewe mwenye gari, ukienda kubadilishiwa ekzosi wiki hii, simama hapo hapo. Uliza kipande kilichotolewa kinaenda wapi. Ni chako.