Hasara Hubaki Malindi

Sote tumebonyeza "Nakubali". Mwenye nyumba ya wageni Malindi, hapa Unguja, kabonyeza, mwenye duka la vitambaa Darajani kabonyeza, kijana wa mapokezi Nungwi kabonyeza kwa niaba ya tajiri wake, na hakuna hata mmoja aliyesoma, maana mkataba ni kurasa juu ya kurasa za Kiingereza cha mawakili, na mgeni yuko mbele yako na begi lake anataka ufunguo. Tuliambiwa madaftari yamepitwa na wakati, tupeleke kila kitu kwenye wingu, yaani seva za watu wa mbali: bukingi, hesabu, picha za pasipoti, madeni ya wateja. Tukapeleka. Hakuna aliyetwambia kwamba hasara itabaki huku.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na Afrika Mashariki ikakaa kutazama kiduara kinavyozunguka kwenye simu. Malipo hayapiti, bukingi hazifunguki, mgeni anakuonesha skrinshoti kwamba kashalipa na wewe huna pa kuhakikisha. Unampa chumba, kwa sababu huwezi kumlaza mtu kichochoroni. Ukiuliza wenye wingu, wanakwambia seva zao zilikuwa zinafanya kazi; kilichokatika ni njia, na njia si yao. Ukimwendea aliyekuuzia bando, mkongo si wake. Mwenye mkongo ndiye kabisa, hakujui wala hana mkataba na wewe. Kila mmoja ana karatasi ya kumlinda, na karatasi zote zinaishia mlangoni kwako.

Basi tuseme zimezima seva zenyewe, kama zilivyozima za Amazon kule Virginia tarehe 20 Oktoba 2025. Ahadi ya juu kabisa ya Amazon kwa seva zake ni asilimia 99.99 ya mwezi, yaani zisizime zaidi ya dakika nne na ushei. Zikipitisha hapo lakini zisizidi saa saba na dakika kidogo, fidia ni asilimia 10 ya bili. Anayelipa dola 20 kwa mwezi anarudishiwa dola 2. Wala si taslimu, ni punguzo la bili ijayo, na aombe mwenyewe, alete ushahidi, muda usimpite. Chumba kimoja kikilala kitupu usiku mmoja wa Agosti, hasara yake imeshaizidi bili ya mwezi mzima. Na wengi wetu hata hizo dola 2 hatuzioni, yakhe, kwa sababu mkataba wetu si na Amazon. Ni na kampuni ya programu iliyopanga huko, na ikirudishiwa chochote, kinaishia kwake.

Kisha usome kwenye mkataba wa Amazon yale wasiyoyabeba kabisa: dhoruba, tetemeko, ghasia, vita, hitilafu za umeme na mawasiliano, amri ya serikali. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi wa Tanzania, intaneti ilizimwa nchi nzima na ikakaa siku kadhaa. Hiyo nayo imo kwenye orodha. Umeme je? Waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa gizani mpaka Machi 2010. Pampu za maji zikasimama, ndoo zikapangwa foleni, aliyekuwa nacho akanunua jenereta na asiyekuwa nacho akanunua mishumaa. Yanayotupata sisi ndiyo hayo hayo waliyoyaandika kwamba hayawahusu.

Hatulalamiki kwamba vitu vinaharibika. Bahari ni bahari; swali ni nani analipa. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH liliungua Strasbourg, Ufaransa. Mteja mmoja alikuwa amelipia nakala ya akiba, akakuta nakala iliwekwa jengo lile lile. Akashtaki, na mwaka 2023 mahakama ya Lille ikaamuru alipwe zaidi ya euro 100,000. Vizuri sana, na tumempongeza kwa dhati. Lakini yule ana mahakama nyumbani kwake. Mtu wa Mkunazini atapanda ndege akashtaki ng'ambo kwa ajili ya bukingi mbili zilizopotea? Nauli peke yake inamaliza msimu.

Tangu Oktoba 2024 mgeni wa nje haingii Zanzibar bila bima ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Ni utaratibu mzuri, mgeni akivunjika mguu Paje kuna wa kumtibu. Tunachotaka sisi kinafanana na hicho: mkataba wa Kiswahili, mtu mmoja wa kumdai aliye hapa hapa, na fidia inayolingana na chumba kilicholala kitupu. Wenye mahoteli makubwa wana mawakili wa kuyajadili haya kabla hawajatia saini. Sisi tumepewa kitufe kimoja.

Bili ya Mei ile ilikuja tarehe yake ya kawaida, kwa dola, kamili.