Maji Kwanza, au Barabara?

Mkutano wa kijiji unapoitishwa na wananchi wakaulizwa wanahitaji nini, aghalabu jibu la kwanza huwa ni barabara. Anayejibu kwanza ni mtu mwenye kitu cha kusafirisha: mwenye magunia ya viazi, mwenye baiskeli ya mizigo, mwenye duka pale njia panda. Nyuma yake wameketi kina mama ambao tangu alfajiri wameshuka bondeni na kupanda tena na madumu ya maji. Hao hawajasema neno. Wangeulizwa kando, wangesema maji. Lakini katibu ameshaandika "barabara" katika daftari lake, na kabla ya adhuhuri mkutano umekwisha.

Kuyataja mahitaji si kazi. Kazi ni kuamua lipi litangulie, na lipi lingoje mwaka mwingine, pasipo jirani kuondoka amenuna. Nchi ya Rwanda inatoa mfano unaostahili kutazamwa kwa karibu, kwa mazuri yake na kwa makosa yake pia.

Neno ubudehe ni la kale katika nchi hiyo. Maana yake ilikuwa ushirika wa kulima: kabla ya mvua majirani walikusanyika wakalima shamba la mmoja, kisha la mwingine, na hata asiye na nguvu hakuachwa nyuma. Mwaka 2001 Serikali ililichukua jina hilo ikalipa kazi mpya. Utaratibu ulianzia katika mkoa uliokuwa ukiitwa Butare, kusini, kisha ukaenea nchi nzima kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa uliutunukia tuzo ya utumishi wa umma.

Kazi ilianza kwa ramani. Wanakijiji walichora makazi yao ardhini kwa vitu vilivyokuwa karibu, wakaonyesha kila nyumba, njia, chemchemi na shule. Kisha walizipanga kaya katika madaraja sita kwa majina ambayo kila Mnyarwanda anayaelewa, kuanzia umutindi nyakujya, yaani fukara asiye na kitu kabisa, hadi umukire, yaani tajiri mwenye fedha. Hakuna karani aliyekuja na fomu ya kuwapima. Walipimana wao wenyewe, hadharani.

Msomaji hana budi kuukumbuka mwaka huo. Ilikuwa imepita miaka saba tu tangu mauaji ya kimbari ya 1994. Walioizunguka ramani hiyo ni pamoja na wajane, mayatima na watu ambao jamaa zao walikuwa gerezani wakingoja hukumu. Mahakama za gacaca zilianza kwa majaribio mwaka uliofuata, 2002, zikafungwa rasmi mwaka 2012. Katika hali hiyo, mtu kuweka jiwe chini na kusema, "Hii ni nyumba ya fulani, na paa lake linavuja," halikuwa jambo dogo. Wako waliojifunza upya majina ya watoto wa jirani kwa sababu ya ramani.

Baada ya ramani huja mahitaji. Njia ambayo maafisa wa maendeleo huitumia katika nchi nyingi ni kuyalinganisha mawili mawili. Maji au barabara? Maji au zahanati? Zahanati au daraja? Kila linaloshinda huwekewa punje ya haragwe, na mwishoni punje huhesabiwa. (Maharagwe hayo, ieleweke, hurudi jikoni.) Njia hii ina faida moja kubwa: inamnyima msemaji hodari nafasi ya kuuteka mkutano mzima kwa hotuba moja. Tena kina mama wakihesabu punje zao kando na waume zao, mara nyingi mpangilio hubadilika.

Hata hivyo yafaa kuuliza swali la pili, ambalo wengi hulisahau: kwa nini? Mama anaweza kuchagua barabara, watu wakashangaa. Akiulizwa, ataeleza kwamba mwaka jana mkwewe alibebwa kwa machela usiku, mimba ikiwa imetimia, na machela haikufika mapema. Huyo na mwenye magunia ya viazi wametaja barabara ile ile, lakini hawahitaji kitu kimoja. Mmoja anataka lori lipite wakati wa mavuno. Mwingine anataka kivuko cha bonde kitengenezwe kabla ya masika, hata kama sehemu nyingine ya njia itabaki na mashimo. Kwa fedha chache, tofauti hiyo ndiyo yote.

Sasa makosa. Ramani ile ilisema kweli kwa muda ambao kusema kweli hakukumgharimu mtu. Kuanzia mwaka 2011 madaraja ya ubudehe yalitumiwa kuamua mchango wa bima ya afya: walio chini kabisa walilipiwa faranga 2,000 kwa mtu, wa kati walilipa 3,000, na wa juu 7,000. Madaraja hayo yalitumiwa pia katika kuamua nani asaidiwe kulipa karo ya chuo kikuu. Tangu hapo manung'uniko yakaanza. Mtu aliyekuwa akijivunia ng'ombe wake alitamani ng'ombe huyo asionekane, na wengi walilalamika kwamba wamepandishwa daraja wasilostahili. Madaraja yalipunguzwa kuwa manne baadaye, lakini ugomvi haukuisha. Kutumia ramani ya wananchi kama daftari la makarani ni kuiharibu, na anayeiharibu hujikuta hana ramani tena siku anayoihitaji.

Liko pia jambo la orodha mbili. Tangu mwaka 2006 mameya wa wilaya hutia sahihi mbele ya Rais ahadi za kazi ziitwazo imihigo, nao hupimwa kwazo. Utaratibu huo umeamsha viongozi wengi waliokuwa wamelala. Walakini kijiji kikisema daraja na wilaya ikiwa imeahidi madarasa, ni rahisi kukisia kipi kitajengwa. Kinachohesabiwa mwisho wa mwaka ndicho hutangulia.

Lakini ugumu mkubwa zaidi uko mpakani. Ramani ya kijiji huishia kwenye mpaka wa kijiji. Chemchemi haiishii hapo. Katika nchi ya vilima watu hukaa juu, maji hukaa chini, na bonde moja huhudumia vilima viwili. Kilima hiki kikichagua maji na kile kikachagua kulima bondeni, kila kimoja kimepanga vizuri, na kwa pamoja wameharibu. Mbolea na matope ya mmoja huingia katika dumu la mwingine. Mikutano miwili iliyoendeshwa kwa haki kamili inaweza kuzaa ugomvi mmoja.

Mfano ulio wazi uko kaskazini-magharibi, chini ya milima ya Virunga. Wilaya nne, Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu, zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Volkano, makao ya gorila wa milimani. Udongo wa huko ni mweusi, wenye rutuba, na viazi hustawi. Mvua ni nyingi, ila maji huzama katika miamba ya volkano, hata mahali pengi hapana kijito. Kwa hiyo watu walizoea kuingia msituni kuteka maji, jambo ambalo sheria ya hifadhi inalikataza. Nyati nao hutoka msituni kuingia mashambani, ingawa ukuta mrefu wa mawe umejengwa mpakani kuwazuia.

Mwaka 2005 Serikali iliamua kwamba asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi ziende kwa wananchi wanaopakana nazo. Mwaka 2017, kibali cha kwenda kuwaona gorila kilipopandishwa kutoka dola 750 hadi 1,500, fungu hilo nalo lilipandishwa hadi asilimia 10. Fedha hizo zimejenga madarasa, vituo vya afya na matangi ya maji ya mvua. Ni jambo la kusifiwa, kwani zamani msitu ulikuwa mali ya wageni na hasara yake mali ya mkulima.

Hata hivyo, nani jirani wa msitu? Darasa lililojengwa kilomita kadhaa kutoka mpakani huwafaa watoto wa tarafa nzima, na hakuna anayeweza kulilaumu. Lakini mjane ambaye shamba lake limeegemea ukuta wa mawe anaweza kupoteza viazi vya msimu mzima kwa usiku mmoja, na darasa lile halimrudishii hata kiazi kimoja. Uko mfuko wa Serikali wa kufidia madhara ya wanyama. Nao hulipa baada ya hasara, si kabla. Mkutano ukiwa wa tarafa nzima, walio mpakani ni wachache na punje zao za maharagwe ni chache. Hapo kuhesabu peke yake hakutoshi. Lazima kwanza itengwe sehemu ya wale wanaobeba mzigo, ndipo zinazobaki zipigiwe hesabu na wote.

Mji wa Musanze nao uko chini yao, na una haja zake: taa, lami, mifereji ya kupitishia maji ya mvua. Mji huo ni mmoja wa sita zilizochaguliwa kukuzwa nje ya Kigali, na wageni wengi wa hifadhi hupitia hapo. Wakazi wake hula viazi vya vijiji vya juu. Mara chache, hata hivyo, mji na vijiji hivyo hukaa kikao kimoja kuulizana lori lipite wapi na maji ya mvua yaelekezwe wapi.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Wanyarwanda hufanya umuganda, kazi ya pamoja ya asubuhi, na baada ya kazi hukaa kuzungumza. Hapo ndipo pangefaa vijiji viwili vinavyotazamana vikutane mara moja moja, badala ya kila kimoja kukaa upande wake wa bonde.

Maana tangi likishajengwa, mambo bado. Mabati yanayolipatia maji yawe na mifereji, na mifereji isafishwe kabla ya mvua za Septemba. Awepo mtu wa kushika ufunguo, na iamuliwe dumu moja litalipiwa kiasi gani. Ikifika Julai, mvua hakuna, watakuja kina mama kutoka kijiji cha jirani, kile kilichochagua barabara, na madumu yao matupu. Mshika ufunguo atakuwa amesimama mlangoni, na daftari la katibu halitakuwa na neno lolote la kumwambia afanye nini.