Nambari za Kilatini Zisikaririwe Pweke

Wanaoanza kujifunza Kilatini aghalabu hukaririshwa unus, duo, tres hadi decem, kana kwamba nambari ni wimbo. Kwa maoni yetu, njia hiyo ina upungufu. Vitabu viwili ni duo libri, ilhali meza mbili ni duae mensae, kwani idadi hufuata jinsia ya nomino. Quattuor hadi decem hazibadiliki kamwe. Je, msomi wa Kiswahili ashangae? Nasi husema watu wawili na vitabu viwili, lakini sita, saba na tisa husalia vilevile. Aliyekariri orodha tupu huishia kusema “watu mbili”. Basi, nambari na ifunzwe pamoja na nomino yake tangu somo la kwanza.