MANENO YA MAHAKAMANI YAFAFANULIWE

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya lugha ya mahakamani.

Mahakama za Mwanzo hutumia Kiswahili tangu zamani, na Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama kwa jumla. Tunashukuru. Lakini Kiswahili cha sheria nacho kina maneno yake, na mkulima wa huku Goweko asiyeyaelewa aweza kupoteza haki yake.

Chukua neno "kutajwa". Shauri likipangwa kutajwa, siku hiyo mashahidi hawatoi ushahidi. Hutazamwa tu limefikia wapi. Likipangwa "kusikilizwa", ndipo mashahidi hutakiwa. Asiyejua tofauti hiyo huwalipia watu nauli bure, au siku yenyewe hufika peke yake.

"Dhamana" si faini wala si mwisho wa kesi. Ni ahadi ya kurudi mahakamani, na mshtakiwa akitoroka mdhamini hubanwa. Dhamana haiuzwi. Anayekudai chochote cha mfukoni mwake ili uipate, anadai rushwa.

"Rufaa" ina muda wake. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Mahakama ya Wilaya ni siku 30 tangu uamuzi kutolewa. Ukingoja kwanza uuze tumbaku, siku zitakwisha, na kuongezewa muda kwahitaji sababu ya kuiridhisha mahakama.

Kisha kuna "kukazia hukumu". Umeshinda kesi ya deni, mdaiwa halipi. Mahakama haitamfuata yenyewe. Ni wewe uliyeshinda unayepaswa kurudi na kuomba hukumu itekelezwe. Usipoomba, ushindi wako utabaki karatasi sandukuni.

Ombi langu ni hili. Kabla mtu hajatoka mahakamani, hakimu au karani amweleze kwa maneno ya kawaida: tarehe ya kurudi, kazi ya siku hiyo, na siku ya mwisho ya rufaa. Maana ya maneno haya ibandikwe pia kwenye mbao za matangazo za kata na vijiji. Nasi wananchi tusione haya kuuliza. Kuuliza si ujinga, na siku 30 hazimngoji mtu.

Msomaji wako,
Goweko, Tabora.