Usitazame Harusi ya Akina Frey Mkesha wa Harusi!

Kwa wale waliokuwa wakiulizana kijiweni nimepotelea wapi wiki mbili hizi, jibu ni hili: nilikuwa Mafia. Siyo mafia ile ya kwenye muvi za Wataliano, hapana bwana. Mafia yetu, ya minazi na papa potwe. Mtoto wa mjomba alikuwa anaoa pale Kilindoni, nami nikatumiwa salamu kwamba nisipoonekana nisije nikasema tena nina ukoo. Basi nikadaka boti Nyamisati, mawimbi yakanifanyia vitu vyao, nikateremka nikiwa nusu mtu nusu samaki.

Sasa sikia kasheshe lenyewe. Kuna dogo mmoja pale nyumbani, yuko kidato cha pili, ana flashi yake imejaa Game of Thrones yote. Nimekuta kaunda darasa. Kila usiku baada ya isha runinga inatolewa uani, mikeka inatandikwa, dogo anakaa mbele anatafsiri Kizungu chote kwa Kiswahili cha mtaani, kama Lufufu enzi zile za kanda za video. Sauti ya kike anaigiza, ya kiume anaigiza, mpaka farasi anamsemea. Bibi yangu, ambaye hajawahi kukaa na runinga zaidi ya taarifa ya habari, anaujua ukoo wa Stark kuliko anavyowajua majirani zake.

Kwa hesabu zao za episodi moja kila usiku, mkesha wa walima ukaangukia sizoni ya tatu, episodi ya tisa.

Wanaojua wameshaanza kushika vichwa. Kwa wasiojua, hiyo ndiyo The Rains of Castamere, ile iliyorushwa na HBO tarehe 2 Juni 2013, ambayo mashabiki dunia nzima wanaiita Harusi Nyekundu. Kama hujaitazama na unataka kuitazama, kunja gazeti, kafungie maandazi, tuonane wiki ijayo. Sitaki lawama.

Tunaoendelea, picha ilikuwa hivi. Uani kuna watu kama ishirini. Wanawake wanachambua mchele wa pilau ya kesho kwenye nyungo, wanaume wanajifanya wanasaidia, watoto wametapakaa. Bwana harusi mwenyewe yumo, kajilaza kwenye mkeka kanyoa vizuri. Dogo tayari ameshaitazama peke yake mara tatu, lakini kanyamaza kimya. Nikamwona anaegemeza simu kwenye ndoo, kamera imetuelekea sisi badala ya runinga. Ndiyo mchezo uliofanyika mwaka 2013: waliokwisha soma kitabu wakawarekodi wenzao kwa siri, wakaiweka mitandaoni ile mitu inapopiga mayowe. Nikamkonyeza. Naye akanikonyeza.

Kisa chenyewe kwa kifupi. Robb Stark, mfalme kijana, aliwahi kumwahidi mzee Walder Frey kwamba ataoa binti yake mmoja, ili majeshi yake yaruhusiwe kuvuka kwenye daraja la mzee. Akavuka. Baadaye akakutana na Talisa, moyo ukamdunda, akamuoa huyo, posa ya watu ikaachwa ining'inie. Sasa vita vimemwelemea, anamhitaji mzee Frey tena. Anarudi na samahani yake, na mjomba wake Edmure atamwoa binti wa pale badala yake. Wanafika, wanalishwa mkate na chumvi. Kwa mila za huko, mgeni akishaonja chumvi ya mwenyeji hakuna wa kumgusa.

Kipande kilichopendwa kuliko vyote uani kwetu, naapa, ni pale Edmure anapofunuliwa bibi harusi. Maskini alikuwa keshajiandaa kuoa kinyago. Shela linainuka, loo, mtoto bomba ile mbaya! Nyungo zikawekwa chini, vigelegele vikapigwa kama vile nikahi ni ya kwetu. Shangazi akasema huyo Edmure ana nyota. Kilichofuata wakakipenda pia, Robb na Talisa wakinong'onezana kuhusu mtoto aliye tumboni ataitwa nani. Wasichana wakasema aaah kwa sauti moja.

Vijana wao wanasubiri pale mama yake Robb anaposhika mkono wa Roose Bolton, akagundua chini ya shati kuna deraya ya vita. Huo ndio mwanzo wa kimbembe, na mashabiki wengi ukiwauliza watakwambia hapo ndipo nywele ziliwasimama. Lakini bibi yangu alishtuka kabla ya hapo. Mlango wa ukumbi ulipofungwa tu, akaacha mchele.

“We dogo, mbona wanafunga mlango? Harusi gani inafungwa mlango?”

Dogo akakosa cha kutafsiri.

Yaliyofuata sitayasimulia yote, watoto wenu wanasoma gazeti hili. Talisa anachomwa kisu tumboni. Binamu yangu mmoja ana mimba ya miezi saba, alinyanyuka akaingia ndani bila kuaga mtu, na mpaka leo anasema hicho kipande kingeachwa. Kwenye kitabu hakimo: mke wa Robb wa kitabuni ana jina lingine, na hakuhudhuria kabisa ile harusi. Kwa hiyo hapo watengenezaji walituongezea machungu kwa makusudi, na kwa hili niko upande wa binamu. Mbwamwitu wa Robb anapigwa mishale akiwa kafungiwa zizini, na hapo waliolia ni wanaume. Watu bwana! Binadamu kumi wanachinjwa mtu anakodoa macho tu, mnyama mmoja anakufa mtu anafuta kamasi. Na kale kabinti Arya, kamefika mlangoni baada ya safari yote ile, kamebakiza hatua chache kumwona mama yake. Hicho ndicho kipande ninachokichukia mimi binafsi. Damu nimeizoea, ila kuchelewa kidogo hivyo sijakuzoea.

Mama anamaliziwa, skrini inakuwa nyeusi, majina yanapanda kimya kimya bila muziki wowote. Mjomba akadhani spika imekufa. Akaipiga makofi mawili. Hakuna aliyecheka.

Sasa mabishano. Wasichana walikuwa wa kwanza: kosa ni la Robb. Kaposa, kaahidi mbele ya watu, kaona sura nyingine karuka posa. Yule mzee wa watu ana mabinti kibao, kila mmoja kakaa anangoja kuitwa mke wa mfalme, halafu unamletea mwanamke mwingine mpaka nyumbani kwake ale karamu? Vijana wakasema haya, kosa lipo, lakini ndiyo umchinje mtu na chumvi yako iko mdomoni mwake? Kelele zikapanda, kila mtu anapigia mfano wa mtaani kwake.

Hapo ndipo nikagundua kwamba bwana harusi wetu hasemi kitu.

Niwape siri, maana jina simtaji. Kaka yangu huyu aliwahi kuposa kwa watu. Kijiji cha upande wa kaskazini, barua ikapelekwa, ikapokelewa, binti akangoja miaka miwili jamaa akihangaika na maisha Dar. Aliporudi akaja na habari nyingine. Wazee walikwenda kuomba radhi, wakapokelewa vizuri, wakanyweshwa chai, yakaisha. Yaani yalisemwa yameisha. Na sisi Mafia kila mtu ni ndugu wa mtu, huwezi kufanya walima ukaruka nyumba. Wale wamealikwa. Na wamejibu kwamba watakuja.

Kaka akajifanya simu inamwita, akaondoka. Simu yenyewe ilikuwa kwenye chaji, naiona hapo.

Shangazi akawageukia wasichana na jicho moja tu, kelele zikazima. Bibi ndiye aliyeokoa jahazi, kama ni kuokoa. Akauliza, “Hiyo ya Wazungu ndiyo mnaishangaa? Ya Kua hamjaambiwa?”

Wengi wetu tulikuwa tumeisikia nusunusu. Kua ni ule mji wa magofu pale kisiwani Juani, ng'ambo ya Chole. Majumba ya mawe, misikiti, kasri, yote sasa yameliwa na mibuyu na mizizi. Upande wa pili kabisa, kwenye rasi ya magharibi, ulikuwapo mji mwingine wa zamani, Kisimani. Wanavyosimulia wazee ni hivi: watu wa Kisimani walijenga chombo kikubwa, siku ya kukishua wakawaalika wa Kua kwenye karamu. Katikati ya ngoma wakakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza mchangani, chombo kikashushwa baharini juu ya miili yao.

Wa Kua wakarudi kwao. Hawakusema neno. Ikapita miaka, watu wakadhani yamesahauliwa, ndipo wakatuma mwaliko wa harusi kule Kisimani. Wageni wakaja wamependeza. Wakaingizwa chumba cha chini, wakaandaliwa, wakala. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, huyu anafuata maji, huyu anaitwa nje, mpaka akabaki mzee mmoja tu anayewachangamsha wageni kwa maneno matamu. Kumbe huku nyuma mlango unajengwa kwa mawe.

Uani pakawa kimya kuliko pale majina yalipopanda. Dogo akauliza, na yule mzee je, alitokaje? Bibi akasema, “Nani kakwambia alitoka?”

Wasomaji wangu, nimetazama muvi nyingi, lakini mzee yule wa Kua ananikosesha usingizi kuliko Walder Frey mara mia. Frey alikaa kwenye kiti chake anakunywa mvinyo anatazama. Huyu kakaa nao, anawachekesha.

Mwandishi wa kitabu, George R. R. Martin, ameshasema alikotoa harusi yake: Uskochi. Mwaka 1440 kijana wa ukoo wa Douglas na mdogo wake walialikwa chakulani kwenye ngome ya Edinburgh mbele ya mfalme mtoto, wakatolewa mezani wakauawa. Halafu kule Glencoe mwaka 1692, huko ni wageni waliowageuka wenyeji, askari waliokuwa wamelala na kula kwa watu karibu wiki mbili. Kitabu kilitoka mwaka 2000, na Martin alieleza kwamba sura ile aliiruka, akaandika kitabu chote kwanza ndipo akairudia, kwa jinsi ilivyomwuma. Kwa hiyo Uskochi wana zao, sisi tuna yetu, na hatujapata HBO wa kuja kupiga picha Juani.

Ila kuna kitu kimoja kilinigonga pale uani. Bibi, ambaye mama yake ni wa Juani, alipokuwa anasimulia alikuwa anasema “wale” kwa watu wa Kisimani na “sisi” kwa watu wa Kua. Kuna shemeji yetu mmoja anasema asili yao ni Kisimani. Akakohoa. Akasema kwao habari ya watoto inasimuliwa haraka haraka, ila habari ya chumba inasimuliwa usiku kucha. Bibi akamwambia ndiyo maana bahari iliwalia mji wao, naye akajibu ndiyo maana wenu walikuja Wasakalava kutoka Bukini wakauvunja. Wakacheka, lakini si sana. Na yote mawili ni kweli: Kisimani imemegwa na bahari, na Kua ilivamiwa na Wasakalava mwanzoni mwa karne ya 19, haikuinuka tena.

Nikajiuliza, hivi sisi tunamlilia Robb kwa nini? Kwa sababu tangu episodi ya kwanza mwaka 2011 tulioneshwa akina Stark wakiokota vitoto vya mbwamwitu. Wangeanza na mabinti wa Frey wakishona nguo wakingoja posa, huenda mkesha ule vigelegele vingepigwa mlango ulipofungwa. Na vilipigwa kweli, ila baadaye, kwa upande mwingine: mwaka 2017 sizoni ya saba ilipofunguka, Arya akawanywesha akina Frey mvinyo wa sumu kwenye karamu yao wenyewe, mashabiki wakashangilia ile mbaya. Dogo akamdokeza bibi asubiri sizoni hiyo. Bibi akasema haina haja, keshajua.

Basi ikafika siku yenyewe. Pilau imeiva, masufuria yamepangwa, watu wanamiminika. Wale wa kaskazini wakafika mapema, mama wa yule binti mbele, kanga mpya, kabeba zawadi yake kwenye kapu. Binti mwenyewe hakuja. Kaka akatoka na kanzu yake, akaenda mpaka pale, akainama.

“Shikamoo mama.”

Kimya kidogo. Halafu, “Marahaba, mwanangu. Mmejaaliwa.”

Akakaribishwa mkekani pamoja na akina shangazi. Sinia likaja. Mimi nilikuwa nagawa maji ya kunawa, nikajikuta nimesimama palepale kama mti. Dogo naye yuko mlangoni, nadhani anahakikisha uko wazi. Yule mama akanawa, akamega tonge, akatafuna polepole, akatazama huku na huku. Akina shangazi wote mikono imesimama hewani.

“Jamani,” akasema, “humu hamkutia chumvi?”

Sijawahi kuona watu wanne wakikimbilia jikoni kwa pamoja namna ile.