Wimbo wa Maksai Hauna Muhula

Desemba iliyopita nilisimama ukingoni mwa duara la edonga, katika arusi moja karibu na Lorugum, nikatazama kama mgeni. Nina umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mwalimu wa sekondari, na shahada yangu ya Kiswahili naisomea wakati wa likizo. Wenzangu wa rika walikuwa wakiruka, mikono wameiinua kwa umbo la pembe za maksai wao, kila mmoja akimsifu wake kwa zamu. Zamu yangu ilipofika, nilipiga makofi tu. Marehemu baba naye alikuwa na maksai wake. Jina lake nalijua, kwa kuwa ndilo watu walilomwitia baba. Wimbo wake siujui hata ubeti mmoja.

Nilianza shule ya bweni nikiwa mdogo. Aliyesikika akizungumza Kiturkana alivishwa kibao shingoni, naye akatafuta wa kumrithisha kabla ya jioni. Wengi mnaosoma jarida hili mnakijua kibao hicho, hata kama kwenu kiliitwa kwa jina jingine. Sitaki kurejelea kilio hicho. Hoja yangu ni ya sasa: mtu mzima aliyekosa elimu ya kwao akiwa mtoto ataipata wapi, na saa ngapi?

Katika kutafuta jibu nimejikuta nikisoma habari za Waayalandi. Wamisionari wa Shirika la Mtakatifu Patrick, wenye asili ya nchi hiyo, walifika Turkana mwaka 1961, na mmoja wao, Padre Anthony Barrett, akatutungia kamusi ya Kiturkana. Kwao pia, katika karne ya 19, mtoto alivishwa kijiti shingoni, kikachanjwa alama kila aliposema Kiayalandi. Kumbe kibao kina ndugu wa mbali! Lakini watu wazima wa huko hawakungoja serikali iwarekebishie watoto mitaala. Mwaka 1893 waliunda Conradh na Gaeilge, na makarani na wauza maduka wakaenda kujifunza lugha yao jioni baada ya kazi. Mwaka 1951 ikafuata Comhaltas, jumuiya ya wanamuziki wa jadi. Hadi leo muuguzi au dereva wa huko anaweza kuanza fidla au filimbi ukubwani, usiku mmoja kwa juma, asionekane kituko.

Wala tusidhani hilo ni la Wazungu pekee. Unguja, tangu mwaka 2002, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kimefundisha udi, kanuni na uimbaji wa taarabu, na mafundi wazee wa muziki huo wamekuwa miongoni mwa walimu.

Kuna watakaonijibu kwamba wimbo wa maksai haufundishwi darasani, hufundishwa malishoni. Jibu hilo nalistahi, na nusu yake ni kweli. Wimbo huo hauna ngoma ya kuwambwa. Mdundo wake ni nyayo na makofi, na maneno yake ni rangi za ngozi, mikunjo ya pembe, malisho na visima ambavyo mwimbaji amevipitia mwenyewe. Ukiutenga na ng'ombe, umebakiwa na nini? Ila ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 uliua mifugo mingi mno, na wapo wazee leo wenye wimbo wasio na maksai. Malisho yenyewe yamekwisha kuwa darasa tupu. Kumwambia mtu arudi huko ni kumfungia mlango kwa adabu.

Wengine watanielekeza kwenye tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar. Nimekwenda, nikafurahi. Hata hivyo, jukwaani kundi hupewa dakika chache mbele ya wageni waheshimiwa, na mtazamaji hutoka akiwa mtazamaji. Nayo sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka kaunti ziyaweke katika rejista. Ni jambo jema, ingawa rejista haijapata kuruka.

Ninachopendekeza ni kidogo. Jumamosi alasiri, baada ya soko, chini ya mti wowote mkubwa karibu na mto Turkwel, wazee wawili na kina mama wawili walipwe kama walimu wanavyolipwa, kwa saa na kwa wakati. Waje waalimu, wauguzi, polisi, waendesha bodaboda. Waje hata Wadinka wa Kakuma wakipenda. Wao nao huwaimba maksai wao, na huenda wakatufunza jambo. Chama chetu kingeweza kuanza kwa kuchangia ujira wa mzee mmoja kwa muhula mmoja. Tumetumia zaidi ya hapo kuchapisha mabango.

Mwezi uliopita nilimwendea mzee aliyechunga pamoja na baba. Nilimkuta na kinasa sauti mkononi. Akakitazama, akasema, "Mwanangu, kifunge. Inua mikono kwanza." Nikaiinua. Akaisogeza ya kushoto chini kidogo, kwa kuwa pembe ya kushoto ya maksai yule ilikuwa imeinama.